Elimu ya Theolojia Mkoani Mara: Nani Humtuma Mwanafunzi, na kwa Kazi Gani

Katika eneo linaloanzia mwambao wa Ziwa Viktoria, ulipo mji wa Musoma, na kuendelea hadi vilima vya Butiama na tambarare za Bunda, makanisa ya Kikristo yamekuwa yakiwaandaa watumishi wake kwa zaidi ya miaka 100. Yamefanya hivyo kwa njia nyingi: kwa mafundisho ya jioni chini ya katekista mmoja, kwa shule za Biblia zilizofundisha kwa miezi michache, kwa seminari zenye mabweni na ratiba kali, na kwa vyuo vinavyotoa stashahada. Wingi huo wa njia huwafanya waumini wengi waliulize swali la elimu ya theolojia kwa upande mmoja tu, yaani chuo kipi ni bora na cheti kipi kina uzito, ilhali chini yake lipo swali lililo zito zaidi, nalo ni nani anayemtuma mwanafunzi chuoni na anatarajia arudi na nini.

Ni vyema kutenganisha istilahi kabla ya kusonga mbele. Theolojia ni elimu inayochunguza kwa utaratibu imani juu ya Mungu, Maandiko Matakatifu, historia ya kanisa na mwenendo wa waamini. Shule ya Biblia ni taasisi inayowafundisha wainjilisti na viongozi wa sharika mambo ya msingi kwa muda mfupi, aghalabu bila kudai elimu kubwa ya sekondari. Chuo cha theolojia hufundisha kwa miaka miwili hadi minne na huwaandaa wachungaji wanaotarajiwa kuwekewa mikono. Seminari, kwa matumizi ya Kanisa Katoliki, ni nyumba ya malezi ya mapadre: ile ndogo hulea vijana wa sekondari, na ile kuu hufundisha falsafa na theolojia. Kitivo cha theolojia ni sehemu ya chuo kikuu na hutoa shahada. Taasisi hizi hazishindani kwa asili yake, kwa kuwa kila moja ilizaliwa na haja tofauti, na matatizo mengi ya leo yanatokana na kuzipima zote kwa kipimo kimoja.

Hoja inayotetewa hapa ni kwamba mwanafunzi wa theolojia ni mtu aliyetumwa, na kwamba ubora wa elimu yake hutegemea uhusiano kati ya chuo na usharika uliomtuma kuliko unavyotegemea majengo, idadi ya vitabu au jina la cheti. Pale ambapo usharika humchagua, humgharimia na humpokea, elimu huwa mali ya watu wote. Pale ambapo gharama na uamuzi huachwa mikononi mwa mwanafunzi mwenyewe au mfadhili aliye mbali, elimu hiyo hiyo hugeuka kuwa njia ya mtu mmoja kuhama kijiji chake.

Chimbuko la malezi ya watumishi

Wamisionari wa Afrika, maarufu kama Mapadre Weupe, walifungua misheni ya Nyegina, karibu na Musoma, mwaka 1911. Kazi ya misheni hiyo, kama ilivyokuwa kwingineko katika nchi za maziwa, iliwategemea makatekista, yaani walei waliofundisha sala na mafundisho ya dini vijijini na kuwaandaa watu kwa ubatizo. Katika mazingira hayo ndipo Julius Nyerere, mwana wa mtemi wa Wazanaki wa Butiama, alipofuata mafundisho ya dini na kubatizwa Nyegina mwezi Desemba 1943. Mwaka 1946 Musoma iliwekwa chini ya mapadre wa Maryknoll kutoka Marekani, mwaka 1957 ikawa jimbo kamili chini ya Askofu John Rudin, na mwaka 2010 Jimbo la Bunda likaundwa. Kijana wa Mara anayetaka upadre huanza kwa kawaida katika seminari ndogo, kama ile ya Mtakatifu Pius wa Kumi iliyoko Makoko, Musoma, kisha huendelea na miaka ya malezi, falsafa na theolojia katika seminari kuu zilizo mbali na mkoa wake, mathalani Ntungamo, Kibosho, Kipalapala, Segerea au Peramiho. Safari hiyo huchukua takribani miaka minane au zaidi baada ya sekondari, na katikati yake huwekwa mwaka wa kazi ya kichungaji, ambapo mseminari huishi parokiani ili ajaribiwe na kujijaribu.

Wamennonite walifuata njia nyingine. Kanisa lao limetokana na vuguvugu la Waanabaptisti, yaani Wakristo walioanza kubatiza watu wazima huko Zürich, Uswisi, mwaka 1525 na waliokataa kutumia upanga, na jina lao linatokana na Menno Simons, padre wa Kiholanzi aliyejiunga nao. Wamisionari wao wa kwanza kutoka Marekani, akiwemo Elam Stauffer, walifika Shirati mwaka 1934, na baada ya muda mfupi wakafungua vituo Bukiroba, Mugango na Bumangi. Bukiroba, nje ya mji wa Musoma, ndiko kulikoanzishwa shule ya Biblia ya kuwaandaa wainjilisti na walimu wa kanisa. Waafrika wa kwanza waliwekewa mikono kuwa wachungaji mwaka 1950, kanisa likajitegemea mwaka 1960, na mwaka 1967 Zedekia Kisare akawekwa wakfu kuwa askofu wa kwanza Mwafrika wa Kanisa la Mennonite Tanzania. Katika kipindi hicho cha mabadiliko, mwanzoni mwa miaka ya 1960, mafunzo ya Bukiroba yalipandishwa hadhi na kuwa chuo cha theolojia, ambacho leo hujulikana kwa jina la Nyabange na hubeba jina la Chuo cha Theolojia cha Mennonite cha Afrika Mashariki, kwa kuwa kinakusudiwa kuyahudumia makanisa ya Tanzania na ya nchi jirani.

Makanisa mengine nayo yana historia zake. Waadventista Wasabato walikuwa wamekwisha kufika mwambao huu kabla ya Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia. Kanisa la Africa Inland, lenye waumini wengi kusini mwa ziwa, lilirithi mwaka 1909 kituo cha Nassa kilicho jirani na Bunda, nalo likawa na vyuo vyake vya Biblia. Waanglikana walipata Dayosisi ya Mara mwaka 1985, na mwaka 2010 zikazaliwa humo dayosisi za Tarime na Rorya. Kila mgawanyiko wa namna hiyo huongeza idadi ya sharika zinazohitaji wachungaji kwa kasi kuliko uwezo wa vyuo kuwafundisha, na hiyo ni sababu moja kubwa ya kanisa la Mara kuendelea kuongozwa, siku hadi siku, na watu ambao hawajawahi kukaa darasa la theolojia.

Jambo hilo si la kuonewa aibu. Uamsho wa Afrika Mashariki, uliochipuka Rwanda na Uganda katika miaka ya 1930 na kufika Shirati mwaka 1942, ulienezwa zaidi na watu wa kawaida waliotubu hadharani na kushuhudia wao kwa wao kuliko wahitimu wa vyuo. Mwita Akiri, ambaye ni askofu wa kwanza wa Dayosisi ya Tarime, aliandika tasnifu yake ya udaktari katika Chuo Kikuu cha Edinburgh juu ya nafasi ya wenyeji katika kukua kwa Ukristo Ugogo na Ukaguru kati ya mwaka 1876 na 1933, akionyesha jinsi kazi ya wainjilisti na walimu wa Kiafrika ilivyokuwa uti wa mgongo wa kanisa. Kwa hiyo chuo cha theolojia hakikuja kuanzisha imani mahali ilipokuwa haipo. Kilikuja kuwasaidia watu ambao tayari walikuwa wanaibeba imani hiyo waibebe kwa uelewa mpana zaidi.

Yanayofundishwa na yanayongoja kufundishwa

Mtaala wa chuo cha theolojia, popote ulipo, hugawanyika katika nyanja nne kuu. Ya kwanza ni masomo ya Biblia, yanayohusisha Agano la Kale, Agano Jipya, lugha za Kiebrania na Kiyunani pale inapowezekana, na eksejesi, yaani kazi ya kuchimbua maana ya andiko kwa kuangalia lugha, historia na muktadha wake. Ya pili ni historia ya kanisa. Ya tatu ni mafundisho ya imani pamoja na maadili, yanayoitwa pia theolojia ya utaratibu. Ya nne ni theolojia ya utendaji, ambamo mwanafunzi hujifunza homiletiki, yaani elimu ya kuandaa na kutoa mahubiri, pamoja na ushauri wa kichungaji, ibada, uongozi na uwakili wa mali. Mgawanyo huu ulirithiwa kutoka vyuo vikuu vya Ulaya, na una faida ya kuhakikisha kwamba mhitimu hakosi msingi wowote. Udhaifu wake ni kwamba maisha ya usharika hayajagawanyika hivyo, na mchungaji anapokabiliwa na jambo la kweli hulazimika kuziunganisha nyanja zote nne kwa wakati mmoja, mara nyingi bila kuwahi kufundishwa namna ya kuziunganisha.

Mfano ulio wazi zaidi katika Mara ni desturi ijulikanayo kama nyumba ntobhu, iliyoenea hasa miongoni mwa Wakuria, ambayo kwayo mwanamke mwenye umri mkubwa asiye na mtoto, au asiye na mtoto wa kiume, hutoa mahari ya ng'ombe na kumwoa msichana, ambaye huzaa na mwanamume fulani, na watoto wanaozaliwa huhesabiwa kuwa wa nyumba ya yule mwanamke mzee. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 huitambua ndoa kuwa ni muungano wa mwanamume na mwanamke, hivyo nyumba hiyo haina ulinzi wa sheria hiyo. Mwanamke huyo mzee anapokuja kanisani kuomba ubatizo, mchungaji hukutana na maswali ambayo vitabu vilivyoandikwa Ulaya au Marekani havina sura inayoyahusu: je, amwambie amwachilie binti aliyemwoa, na akiachiliwa, ng'ombe watadaiwa na nani, watoto watakuwa wa nani, na yule binti, ambaye huenda aliozwa akiwa na umri mdogo na bila hiari yake, ana haki gani mbele ya kanisa linalosema linamtetea?

Mwalimu anayelileta jambo hilo darasani hugundua haraka kwamba Biblia yenyewe haiko kimya. Katika Mwanzo 16, Sarai asiyezaa anamtoa Hajiri mjakazi wake ili apate watoto kwa njia yake, na simulizi hilo halifichi mateso ya Hajiri. Kumbukumbu la Torati 25 linaweka utaratibu wa ndugu wa marehemu kumwinulia uzao, ili jina lisifutike. Katika Ruthu 4, majirani wanawake wanamhesabu mtoto aliyezaliwa na Ruthu kuwa ni mwana wa Naomi, mjane aliyekwisha kupoteza wanawe wote. Mwanafunzi aliyekulia Mara husoma kurasa hizo na kuzielewa mapema kuliko msomaji wa Ulaya, kwa sababu anaijua kwa karibu hofu ya nyumba kukosa mrithi. Lakini elimu ya chuo humzuia asikimbilie kusema kwamba desturi imehalalishwa na Maandiko kwa kuwa tu inafanana nayo, kwani kuelewa kwa nini watu walifanya jambo si sawa na kulikubali. Kutoka hapo hupita kwenye maadili, kisha kwenye sheria ya nchi, na hatimaye kwenye ushauri wa kichungaji, ambapo lazima aamue la kumwambia mwanamke mzee na la kumwambia binti, bila kumtoa mmoja kafara kwa ajili ya mwingine. Darasa la namna hiyo hufundisha eksejesi kwa kina kuliko mihadhara mingi ya nadharia.

Mwaka 1972 Mfuko wa Elimu ya Theolojia, ulioanzishwa mwaka 1958 kufuatia mkutano wa Baraza la Kimataifa la Misheni nchini Ghana, ulianza kudai, chini ya uongozi wa Shoki Coe wa Taiwan, kwamba mafunzo ya theolojia yaanzie katika muktadha wa watu, yaani katika hali halisi ya utamaduni, siasa na uchumi wao. Mara nayo imetoa mchango katika fikra hizo. Utafiti wa Marie-France Perrin Jassy juu ya makanisa huru ya Wajaluo wa kaskazini mwa Mara, uliochapishwa kwa Kiingereza mwaka 1973, ulionyesha nguvu ya vikundi vidogo vya waumini wanaojuana na kusaidiana, na ukawa miongoni mwa kazi zilizochochea jumuiya ndogondogo za Kikristo katika Kanisa Katoliki la Afrika Mashariki. Laurenti Magesa, padre wa Jimbo la Musoma aliyefariki mwaka 2022, alichapisha mwaka 1997 kitabu kikubwa juu ya maadili ya dini ya jadi ya Kiafrika, ambamo alieleza kwamba maadili hayo yanaelekea kwenye utele wa uzima wa jamii nzima. Na maisha yake yaligawanyika kati ya ufundishaji wa vyuoni, hasa Nairobi, na kazi ya parokia jimboni kwake. David Shenk, aliyezaliwa Bumangi mwaka 1937 katika familia ya wamisionari na kukua miongoni mwa Wazanaki, aliandika pamoja na Badru Kateregga wa Uganda kitabu cha mazungumzo kati ya Mwislamu na Mkristo ambacho kimesomwa katika nchi nyingi. Inasikitisha kwamba kazi hizi zote, zenye mizizi Mara, zilitoka kwa lugha ambayo waumini wengi wa Mara hawaisomi.

Lugha ya darasani na lugha ya mimbarini

Kwa sehemu kubwa, shule za Biblia na ngazi za cheti na stashahada hufundisha kwa Kiswahili, huku shahada zikifundishwa kwa Kiingereza. Matokeo yake ni kwamba mchungaji msomi hujifunza fundisho la neema kwa Kiingereza, hulihubiri kwa Kiswahili, kisha humfariji mgonjwa kitandani kwa Kijita, Kikwaya, Kizanaki au Kikuria, na kila anapovuka kutoka lugha moja hadi nyingine kuna kitu anachokiacha nyuma. Maktaba nyingi za vyuo zimejaa vitabu vya Kiingereza vilivyotolewa kwa hisani, vingine vimepitwa na wakati, na rafu ya Kiswahili huwa fupi licha ya juhudi za muda mrefu za wachapishaji kama Central Tanganyika Press ya Dodoma na watawa Wabenediktini wa Ndanda na Peramiho.

Hakuna sababu ya msingi ya Kiswahili kushindwa kuibeba elimu hii. Biblia ya Union imekuwa ikisomwa tangu mwaka 1952 na Biblia Habari Njema tangu miaka ya 1990, na zote mbili zimewazoesha wasomaji istilahi za wokovu, agano, utakaso na haki. Mwalimu Nyerere, baada ya kustaafu na kurejea Butiama, alizitunga upya Injili nne na Matendo ya Mitume kwa mtindo wa utenzi, kazi iliyochapishwa mwaka 1996, akathibitisha kwamba bahari ya ushairi wa Kiswahili ina nafasi ya kutosha kwa Maandiko. Huko Makoko, Musoma, mapadre wa Maryknoll walianzisha shule ya lugha ambako wamisionari kutoka mabara mengine wamekuja kujifunza Kiswahili kabla ya kuanza kazi, na mjini Musoma hiyo hiyo wataalamu na wenyeji wamekuwa wakitafsiri Maandiko kwa lugha kadhaa za mkoa. Ikiwa mgeni hutakiwa kukaa Makoko miezi kadhaa ili aweze kuzungumza na watu, haiingii akilini kwamba mwenyeji apimwe usomi wake kwa umbali aliosafiri kutoka katika lugha ya watu hao hao. Kiingereza kina kazi yake, kwa kuwa hufungua maktaba za dunia, na mwanafunzi anayenyimwa hicho hunyimwa haki yake. Lakini kazi ya mwalimu wa theolojia haimaliziki mpaka yale aliyoyasoma kwa Kiingereza ayaandike kwa Kiswahili, ili mwinjilisti asiyeweza kuja chuoni ayapate.

Bweni au enezi

Swali lingine linahusu mahali pa kusomea. Mfumo wa bweni humtoa mwanafunzi nyumbani kwa miaka kadhaa, humpa muda wa kusoma, kusali na kuishi na wenzake wa makabila na dayosisi mbalimbali, na kwa eneo lenye historia ya wizi wa mifugo na visasi kati ya koo, kuishi chumba kimoja na mtu wa ukoo mwingine ni somo la amani ambalo hakuna kitabu kinachoweza kulifundisha. Hata hivyo, bweni ni ghali, na huwavuta zaidi vijana ambao bado hawajathibitishwa na usharika, huku likiwaacha nje watu wazima wenye familia, mashamba na miaka mingi ya utumishi.

Kwa sababu hiyo makanisa mengi ya Afrika Mashariki, yakiwemo ya Mara, yalipokea katika miaka ya 1970 mfumo wa Elimu ya Theolojia kwa Enezi, ulioanzia nchini Guatemala mwaka 1963, ambapo mwanafunzi hubaki kijijini kwake, husoma vitabu vya kujifundishia, na hukutana na mwalimu pamoja na wenzake mara kwa mara katika kituo kilicho karibu. Mfumo huu humfikia yule ambaye tayari anaongoza. Mzee wa kanisa wa Mugango au Kiabakari aliyesoma juma hili juu ya barua kwa Wagalatia huweza kuifundisha Jumapili inayofuata, na maswali ya waumini humrudisha kwa mwalimu wake akiwa na hamu mpya. Udhaifu wake ni upweke wa msomaji, uchache wa walimu wanaozunguka, na dharau ya wale wanaoiona enezi kuwa elimu ya waliokosa.

Dharau hiyo ni ya kushangaza hasa katika mji ambao jina lake limebeba azimio muhimu la elimu ya taifa. Katika Azimio la Musoma la Novemba 1974, Halmashauri Kuu ya TANU iliazimia kuharakisha elimu ya msingi kwa watoto wote na kuamua kwamba waliomaliza kidato cha sita wafanye kazi kwanza, kisha waingie chuo kikuu wakiwa wamependekezwa na walikofanyia kazi. Sera hiyo ya kuingia chuo kikuu ililegezwa baadaye kwa sababu za kiutendaji, lakini wazo lililo ndani yake linafaa zaidi theolojia kuliko taaluma nyingine yoyote, kwa kuwa wito wa kichungaji hauwezi kuthibitishwa kwa mtihani wa karatasi peke yake. Mwinjilisti aliyetumika miaka mitatu au minne na kupendekezwa na usharika uliomwona akizika, akisuluhisha na akifundisha watoto, huingia darasani na maswali yake mwenyewe, na mwanafunzi mwenye maswali hufundishika.

Cheti, sheria na riziki

Shinikizo la kupata vyeti vinavyotambuliwa limeongezeka. Nchini Tanzania, chuo kinachotaka kutoa shahada ni lazima kipate ithibati ya Tume ya Vyuo Vikuu iliyowekwa na sheria ya mwaka 2005, na vyuo vidogo hujiunga na vyuo vikuu ili stashahada zao zipate mlango wa kuendelea. Makumira ya Walutheri, iliyoanza kama chuo cha theolojia pekee na kuwa sehemu ya chuo kikuu katika miaka ya 1990, ni mfano wa njia hiyo, na leo theolojia ni sehemu moja tu kati ya masomo mengi yanayofundishwa hapo. Rwanda imekwenda mbali zaidi, kwani sheria yake ya mwaka 2018 ilidai viongozi wa makanisa wawe na shahada ya masomo ya dini na kuwapa miaka mitano ya kuitafuta.

Nia ya kuwalinda waumini dhidi ya wahubiri wadanganyifu inaeleweka na kuungwa mkono, na kanisa lisilotaka watumishi wake wapimwe hujipunguzia heshima. Lakini shahada hupima uwezo wa kusoma na kuandika kitaaluma; haipimi uaminifu, na si kinga dhidi ya udanganyifu. Aidha, ada ya shahada huwa juu ya uwezo wa mwinjilisti wa kijijini, ambaye usharika wake huishi kwa mihogo, dagaa na pamba, ambayo bei yake hupanda na kushuka bila wao kushauriwa. Anayepata mfadhili kutoka nje huendelea hadi shahada ya uzamili, kisha huajiriwa na shirika au ofisi ya mjini, na usharika uliomlea hubaki na mwinjilisti yule yule aliyekuwepo. Hapo ndipo suala la nani analipa linapogeuka kuwa suala la nani anaamua, kwa sababu mfadhili, hata akiwa na moyo mwema, huchagua kozi, idadi ya wanafunzi na muda wa mradi, na mradi unapokwisha chuo hubaki na madarasa yasiyo na walimu.

Mwalimu Nyerere, alipohutubia mkutano wa masista wa Maryknoll huko New York, Marekani, mwezi Oktoba 1970, alidai kanisa lishiriki katika mapambano dhidi ya mifumo inayowafanya watu kuwa maskini, la sivyo litahesabiwa kuwa upande wa dhuluma. Dai hilo linakihusu chuo cha theolojia moja kwa moja, kwa kuwa mchungaji atakayesema juu ya haki ya wavuvi, wakulima na wasichana atahitaji kuwa huru, na uhuru huo huanza pale ambapo riziki yake na elimu yake vimetoka kwa watu anaowasemea. Mahindi, maharage na michango midogo ya sharika 30 zinazomtunza mwanafunzi mmoja huenda zikawa chache kuliko hundi moja kutoka ng'ambo, lakini humfanya ajue anadaiwa na nani.

Wanawake na elimu ya theolojia

Uchambuzi huu hautakuwa kamili bila kuwataja walio wengi katika viti vya kanisa na wachache katika madarasa ya chuo. Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania lilifungua mlango wa wanawake kuwekewa mikono mwanzoni mwa miaka ya 1990, Kanisa Anglikana limeacha kila dayosisi iamue, na Kanisa Katoliki, ambalo halitoi daraja la upadre kwa wanawake, limewategemea masista, wakiwemo wa Shirika la Moyo Safi wa Maria Afrika lililoanzia jimboni Musoma. Katika vyuo vingi vya bweni desturi ilikuwa mwanafunzi kuja na mke, ambaye hupewa masomo ya nyumbani, malezi na Biblia, na huhitimu bila cheti chenye uzito ingawa kesho yake ndiye atakayekimbiliwa na kina mama wa usharika.

Hali ya Mara hufanya upungufu huo uwe na gharama. Ukeketaji, uliokatazwa kwa wasichana walio chini ya miaka 18 na sheria ya mwaka 1998, bado hufanyika katika sehemu za mkoa huu, na makanisa yameitikia kwa vitendo, kama ilivyofanya Dayosisi ya Anglikana ya Mara ilipofungua nyumba salama Mugumu mwaka 2014 na kama wafanyavyo Wakatoliki katika kituo cha Masanga, Tarime, ambako wasichana hupewa hifadhi na mafundisho. Binti aliyetoroka usiku wa msimu wa tohara huhitaji kitanda na mlinzi, na baadaye huhitaji mtu wa kukaa na wazazi wake, kuzungumza nao kwa lugha yao juu ya mwili, heshima na Mungu, na kuwapatanisha naye. Kazi hiyo ni theolojia ya utendaji kwa maana yake kamili, na mwanamke aliyefundishwa vizuri huingia katika nyumba ambazo mchungaji wa kiume haruhusiwi kuvuka vizingiti vyake.

Hitimisho

Historia ya Nyegina, Bukiroba na vituo vingine inaonyesha kwamba elimu ya theolojia katika Mara ilistawi kila ilipokuwa karibu na watu wanaoihitaji, na ilidhoofika kila ilipogeuzwa kuwa ngazi ya mtu kuondokea. Kutokana na hayo, wajibu wa kila upande unaeleweka. Usharika haupaswi kumpeleka chuoni mtu ambaye haujamwona akitumika, na ukishampeleka haupaswi kumwacha atafute ada peke yake. Chuo kinapaswa kuyapokea maswali ya sharika kama sehemu ya mtaala, kuwahesabu wanafunzi wa enezi kuwa wanafunzi kamili, kuwapa wanawake masomo yale yale na vyeti vile vile, na kuwadai walimu wake waandike kwa Kiswahili. Dayosisi zinapaswa kutenga fungu la kudumu kwa ajili ya elimu hii kabla ya kuomba msaada wa nje, ili msaada ukija uongeze nguvu badala ya kushika usukani. Mwanafunzi naye, anapopokea barua ya kuruhusiwa kusoma, anapaswa kuelewa kwamba amekopeshwa na wakulima, wavuvi na wajane, na kwamba deni hilo hulipwa kwa kurudi na kutumika.

Makanisa ya Mara yana uwezo wa kuyatimiza hayo, kwa kuwa yana vyuo, yana wanataaluma waliotoka katika ardhi yake, na yana lugha inayowaunganisha watu wa makabila yote ya mkoa. Kinachosubiriwa ni uamuzi wa sinodi, mabaraza na vikao vya wazee wa kanisa wa kuiweka elimu ya theolojia katika bajeti ya mwaka, pamoja na paa la kanisa na posho ya mchungaji, kwa maana kanisa lisilogharimia mafunzo ya walimu wake litafundishwa na yeyote atakayejitolea kulipa.